Je, Tunamdanganya Mungu Tunapoimba Furaha Tusiyo Nayo?

 

Safari hii hatuleti mahubiri. Tunaleta swali ambalo mama mmoja wa kanisa letu alituuliza, nasi tulishindwa kulijibu siku ile. Mama huyo alirudi hapa Dzaleka kutoka Lilongwe mwaka 2023, wakati wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini walipotakiwa kurudi kambini. Huko mjini alikuwa na kibanda cha kuuzia nguo na watoto wake walikuwa wakisoma. Alirudi na mizigo miwili na watoto wanne. Jumapili ya kwanza kwaya iliimba wimbo wa shukrani, kanisa lote likasimama na kupiga makofi, lakini yeye alibaki ameketi. Baada ya ibada tulimfuata kumsalimu, tukamwuliza kama ni mgonjwa. Akasema: "Hapana, Mchungaji, mimi si mgonjwa. Wimbo ule unasema moyo wangu unafurahi, na moyo wangu haufurahi. Nikiuimba, je, sitakuwa nimemdanganya Mungu ndani ya nyumba yake?"

Tulimwambia tutamwombea. Hilo lilikuwa jibu la mtu aliyekosa jibu. Tangu hapo tumelitafakari swali lake, kwa maana si lake peke yake. Katika kambi hii iliyofunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa, wako wengi ambao kila Jumapili midomo yao huimba jambo moja na mioyo yao inasema jingine.

Katika kanisa letu majibu ni mawili. Vijana wengi husema: "Achaneni na nyimbo za kitabuni. Mungu anataka maneno yanayotoka moyoni saa hiyohiyo. Kama huna furaha, nyamaza, au omba kwa maneno yako mwenyewe." Wazee wengi nao husema: "Imbeni tu kama ilivyoandikwa. Moyo ni kama mtoto, utafuata mama yake anakokwenda." Kila upande una neno la kweli ndani yake, ila hakuna upande uliomjibu yule mama.

Tuanze na vijana wetu. Ni kweli Mungu huchukia midomo iliyo karibu huku moyo uko mbali, Isaya aliwaambia watu wake hivyo (Isa. 29:13), na Amosi alisema Mungu hataki hata kusikia nyimbo za watu wanaowaonea maskini (Amo. 5:21-24). Lakini hebu tujisikilize wenyewe kwenye maombi ya Jumatano usiku. Ndugu akisimama kuomba "kwa maneno yake mwenyewe", nasi tunajua atakavyoanza, tunajua atakapopandisha sauti, tunajua atakavyofunga. Maombi ya papo kwa papo nayo yana umbo lake, ila hatulioni kwa sababu tumelizoea. Hakuna mtu anayeomba bila umbo, kama vile hakuna mtu anayebeba maji ya kisimani bila chombo. Kwa hiyo tusiulize kama tutumie chombo au tusitumie. Tuulize ni chombo gani, na kimebeba nini.

Sasa tutazame Maandiko. Tulipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu alituonyesha jambo katika kitabu cha Maombolezo ambalo hatukuwahi kuliona, kwa sababu katika tafsiri za Kiswahili halionekani. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 za Maombolezo zina mistari 22 kila moja, na kila mstari unaanza na herufi inayofuata, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Sura ya 3 ina mistari 66, yaani kila herufi imepewa mistari mitatu. Fikirini basi. Mji umechomwa, watoto wamekufa kwa njaa, watu wamechukuliwa utumwani, na mtu anayelia juu ya hayo yote anapanga kilio chake kwa herufi, kama mwalimu wa darasa la kwanza! Je, kilio chake ni cha uongo kwa sababu kimepangwa? Hapana. Maumivu yake yalikuwa hayana mwisho, naye akatafuta kitu chenye mwanzo na mwisho ili aweze kuyabeba. Alipofika herufi ya mwisho aliweza kusema: nimelia yote, sikuficha kitu.

Kisha tazameni sura ya 5. Nayo ina mistari 22, lakini herufi hazifuatani tena. Hesabu imebaki, mpangilio umevunjika. Hatujaambiwa sababu, ila kila aliyekaa kwenye matanga hadi siku ya tano anaweza kuelewa jinsi mtu anavyochoka hata kulia kwa utaratibu. Na sura hiyo iliyochoka, Mungu ameiweka katika Neno lake pamoja na zile nne.

Zaidi ya hayo tutazame msalabani. Bwana wetu, katika saa iliyokuwa ngumu kuliko zote, hakutunga maneno mapya. Aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22, maneno ya mtu mwingine, yaliyoimbwa na Waisraeli kwa mamia ya miaka (Mt. 27:46). Yona naye ndani ya samaki aliomba sala iliyojaa maneno ya zaburi (Yon. 2). Kama maneno ya kuazima ni uongo, basi Mwana wa Mungu mwenyewe angekuwa na hatia, na jambo hilo haliwezekani. Mtu wa kwetu akifiwa hana nguo nyeusi, jirani humwazima. Nguo ni ya jirani, lakini machozi yanayoiloweka ni yake.

Wapendwa, sisi si kanisa la kwanza la wakimbizi kuuliza habari za nyimbo. Mwaka 1538 Yohane Kalvini alifukuzwa katika mji wa Geneva, akaenda Strasbourg, akapewa kuchunga kanisa la wakimbizi waliotoka Ufaransa. Mwaka uliofuata, 1539, kanisa hilo lilitoa kitabu kidogo cha zaburi zilizopangwa kwa vina na mizani, ili watu wote, na si mapadre peke yao, waweze kuziimba kwa lugha yao. Kazi hiyo iliendelea Geneva baada ya Kalvini kurudi huko. Mshairi Clément Marot, ambaye naye alikimbia Ufaransa, alipanga zaburi kadhaa. Alipofariki mwaka 1544 kazi ilikuwa haijaisha, na aliyeimalizia ni Théodore de Bèze, mkimbizi mwingine. Mwaka 1562 zaburi zote 150 zilikuwa tayari. Wakimbizi wa Kiingereza waliokuwa katika mji huohuo nao waliandaa zaburi zao. Tuni moja iliyochapwa Geneva mwaka 1551, ambayo Waingereza waliifunga kwenye Zaburi ya 100, makanisa mengi ya Afrika huiimba mpaka leo wakati wa kutoa sadaka au kufunga ibada. Wengi wetu tumeiimba bila kujua kwamba ilitoka katika mji uliojaa wakimbizi kama sisi.

Kwa nini watu wasio na makazi walijisumbua kuhesabu silabi? Kwa sababu kitu chenye mizani hukaa kichwani. Mtu anayekimbia huacha vitabu, lakini wimbo alioushika moyoni hakuna mlinzi wa mpaka anayeweza kumnyang'anya. Wengi waliotoka Fizi, Uvira, Bukavu, Bujumbura au Kigali walifika hapa bila Biblia mkononi, lakini walifika na nyimbo.

Turudi kwenye furaha. Katika mji wa Eilenburg, Ujerumani, palikuwa na mchungaji aliyeitwa Martin Rinkart. Ilikuwa wakati wa vita vya miaka thelathini, kuanzia 1618 hadi 1648, na mji ule wenye kuta ulijaa watu waliokimbia vita. Mwaka 1637 tauni iliingia. Wachungaji wenzake walikufa au waliondoka, akabaki peke yake, akazika watu zaidi ya 4,000. Mmoja wao alikuwa mke wake. Mtu huyu ndiye aliyetunga, katika miaka hiyohiyo ya 1630, mojawapo ya nyimbo za shukrani zinazojulikana sana duniani. Hatudhani kwamba alikuwa na furaha alipotoka makaburini. Ila tunaona kwamba kwake shukrani haikuwa taarifa ya hali ya moyo wake. Ilikuwa habari za Mungu. Mtu anaweza kulia huku akisema "baba yangu ni mwema", na yote mawili yakawa kweli.

Hapa tumefika karibu na jibu, lakini bado kuna hatari. Mtu anaweza kuuchukua mfano wa Rinkart akamwambia yule mama: "Unaona? Simama uimbe!" Kabla hatujafanya hivyo, tumsikilize mtu mwingine wa wakati uleule.

George Herbert alizaliwa mwaka 1593, akawa mchungaji wa kijiji cha Bemerton huko Uingereza mwaka 1630, akafa kwa ugonjwa mwaka 1633, hajafikisha miaka arobaini. Mashairi yake yalichapwa mwaka huohuo katika kitabu kiitwacho Hekalu. Herbert alijali sana umbo. Shairi lake moja kuhusu madhabahu limepangwa hivi kwamba mistari yake kwenye karatasi inafanya picha ya madhabahu. Jingine la Pasaka lina picha ya mabawa. Lakini kuna shairi moja, jina lake Ukosi, ambamo mtu anagombana na Mungu. Amechoka na utumishi, anataka kuondoka. Humo mistari ni mirefu na mifupi ovyoovyo, na vina vimetawanyika, msomaji havipati anapovitazamia. Ni mwishoni tu, yule mgomvi anaposikia sauti ikimwita kama mzazi anavyomwita mtoto, naye akaitika, ndipo mistari inapotulia na vina kukaa mahali pake. Umbo lenyewe limesema kitu ambacho maneno hayakusema: kwamba hata vurugu ile ilikuwa ndani ya mikono ya Mungu tangu mwanzo.

Izaak Walton, aliyeandika maisha ya Herbert, anasimulia kwamba alipokuwa karibu kufa alimpelekea rafiki yake Nicholas Ferrar mashairi yale, akiagiza kwamba kama yanaweza kumfaa maskini yeyote aliyevunjika moyo, yachapwe, na kama hayafai, yachomwe moto. Tazameni kipimo chake. Hakuuliza kama mashairi ni mazuri. Aliuliza kama yatamsaidia aliyevunjika moyo. Na ndani ya kitabu hicho hakuweka sifa peke yake. Aliweka pia malalamiko.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Ndugu zetu Waislamu wa pwani walitunga tenzi za dini kabla Kiswahili hakijaandikwa kwa herufi tunazotumia leo. Utenzi wa Tambuka una mwaka 1728. Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858. Utenzi una beti za vipande vinne, kila kipande mizani 8. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, ambacho hubadilika ubeti hata ubeti, lakini kipande cha nne kina kina kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mambo yanabadilika mara tatu, kisha unarudi nyumbani. Mkristo mmoja aliyeiona nguvu ya umbo hilo ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyeishi kutoka 1917 hadi 1969. Alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, akaonyesha kwamba Injili inaweza kutembea kwa miguu ya Kiswahili chenyewe.

Hata nchi hii inayotuhifadhi ina sehemu katika habari hii. Wamisionari wa UMCA walianza kazi Magomero, hapa Malawi, mwaka 1861. Askofu wao Mackenzie alikufa mwaka 1862, na mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja, na huko Edward Steere akatafsiri Maandiko na sala kwa Kiswahili. Ibada ya Kiswahili ilipata msaada mkubwa kutoka kwa misheni iliyoshindwa Malawi na kulazimika kuhama. Upande wa kaskazini wa nchi hii, Wakristo wa Livingstonia, kama kasisi Charles Chinula, hawakungoja tafsiri tu. Walitunga nyimbo zao kwa Kitumbuka, na Wangoni wakaleta kanisani tuni za wazee wao.

Tunasema hayo kwa sababu nyimbo zetu nyingi, hata zile tunazoziita tenzi, si tenzi kwa umbo. Ni nyimbo za Kizungu zilizotafsiriwa na kubanwa ziingie katika tuni za Kizungu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni nyingi hizo hukaza ya mwisho, nasi tunajikuta tunaimba "Mu-NGU" na "nee-MA" kama wageni katika lugha yetu. Tunawashukuru waliotafsiri, tumeokoka kwa nyimbo hizo. Hata hivyo nyimbo nyingi walizotuletea ni za ushindi na furaha, na maombolezo ni machache. Mtu mwenye kilio anafungua kitabu na hapati ukurasa wake.

Hapo tunapaswa kutubu, na tunatubu hadharani. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kwaya alituletea beti alizotunga juu ya mama yake, aliyebaki njiani walipokuwa wakikimbia. Katika kila ubeti alimwuliza Mungu alikuwa wapi. Ubeti wa mwisho nao ulikuwa swali. Tulimwambia: "Kijana wetu, huwezi kuimba hivi madhabahuni. Ongeza ubeti wa shukrani mwishoni ndipo tutakuruhusu." Alikunja karatasi yake akaondoka. Hakuongeza ubeti, na baada ya wiki chache hakuonekana tena kwaya. Tulijiona tumelinda imani ya kanisa. Baadaye, tukitafuta somo la mazishi, tulisoma Zaburi ya 88 mpaka mwisho. Zaburi hiyo haina ubeti wa shukrani. Inaishia gizani. Kama mtunzi wake angetuletea sisi, tungemwambia aongeze ubeti! Roho Mtakatifu aliipokea jinsi ilivyo, na sisi tulimkataa kijana.

Kwa hiyo uongo uko wapi? Tumelitafakari na tunaona hivi. Kuimba wimbo usioendana na hali ya moyo wako si uongo, ikiwa unauimba kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake gizani, akijua kwamba habari za Mungu ni kweli hata kama yeye hazisikii leo. Lakini unakuwa uongo tunapoutumia kuficha jeraha, tukidhani Mungu atatukataa akiliona. Na unakuwa uongo mkubwa zaidi pale kanisa linapomlazimisha mwenye kilio aonekane mwenye furaha ili sisi wengine tusisumbuliwe. Hapo si yule mama anayemdanganya Mungu. Ni sisi, kwa kinywa chake.

Tulirudi kwake, tukamwambia haya: "Mama, unaweza kukaa. Tukiimba shukrani, sisi tutaimba kwa ajili yako mpaka utakapoweza, kama wale wanne waliombeba mwenzao aliyepooza mpaka kwa Yesu (Mk. 2:3-5). Imani iliyotazamwa pale ilikuwa pia ya wabebaji. Na siku ukitaka kulia, zaburi ziko, nasi tutalia pamoja nawe." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na kanisa lina wimbo gani wa kulia, Mchungaji?" Tulitafuta kitabuni, tukapata kimoja au viwili, na tuni zake hakuzijua.

Tulimtafuta pia yule kijana, tukamwomba msamaha mbele ya mzee mmoja wa kanisa. Alisema ametusamehe. Tulipomwuliza habari za zile beti, alisema karatasi ilipotea, lakini maneno yote anayo kichwani. Bado hajakubali kuziimba kanisani, na hatutamharakisha. Mlango alioufunga si yeye, hatuwezi kudai aufungue mara tu tunapobisha.

Wapendwa, mkutano wa wazee umekubali kwamba kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kabla ya nyimbo za sifa, pawe na nafasi ya maombolezo: zaburi moja isomwe mpaka mwisho wake bila kuongezewa kitu, na aliye na utungo wake aulete, kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda au lugha yoyote aliyolilia nayo. Atakayetunga kwa mizani, vizuri. Atakayeshindwa mizani kwa sababu ya uchungu, akumbuke Maombolezo sura ya 5, aje hivyohivyo.

Mungu wa faraja yote awe pamoja nanyi katika nyumba zenu. Amina.